Injini za Uani

Wasikilizaji, aliyekulia kijijini kabla nguzo za umeme hazijafika anaujua mlio wa mashine ya kusaga. Tuk, tuk, tuk, mlio mzito wa taratibu unaovuka bonde na kuwafikia watu mashambani. Ukisikika, mama mwenye debe la mahindi alijua dizeli imepatikana, akajitwika debe lake akaenda kupanga foleni. Ndani ya kibanda cha mabati, pembeni ya kinu, ndipo ilipokaa injini yenyewe: chuma kilichosimama wima juu ya zege, magurudumu mawili mazito kushoto na kulia, mkanda mrefu ukielekea kwenye kinu, na pipa la maji ya kupoozea likifuka mvuke.

Watoto walikatazwa kusogea. Mwenye mashine alikuwa na sababu, maana mkanda ule haukuwa na kinga na uliweza kunyakua kanga ya mtu pamoja na mwenyewe. Lakini katazo lile lilizaa dhana ambayo wengi wamekua nayo hadi leo: kwamba injini ni kitu cha kiwandani, kisichofunguliwa ila na aliyesomea. Mazungumzo ya leo yanawahusu watu wanaoikaidi dhana hiyo. Ni watu wanaounda injini ndogo, au kufufua zilizokufa, wakiwa nyumbani kwao: uani, bandani, wakati mwingine jikoni. Wako Uingereza, New Zealand, Marekani na India. Wako na hapa kwetu, ingawa hapa kwetu ni wachache wanaoiita kazi hiyo burudani.

Tuanze na injini ileile ya kinu. Nyingi za umbo hilo zilikuwa Lister au nakala za Lister. Kampuni ya R. A. Lister ilianzishwa mwaka 1867 na Robert Ashton Lister katika mji mdogo wa Dursley, magharibi mwa Uingereza, ikitengeneza zana za wakulima. Ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1920 ikatoa injini ya dizeli ya silinda moja iliyojulikana kama CS. Mwanzoni aina yake mojawapo ilikuwa na nguvu za farasi 5 kwa mizunguko 600 kwa dakika. Baadaye ikapandishwa hadi farasi 6 kwa mizunguko 650. Silinda yake ina kipenyo cha milimita 114, na pistoni husafiri milimita 140 kila inapopanda au kushuka. Uzito wake unapita kilo 300. Zote hizo kwa nguvu za farasi sita tu! Pikipiki ndogo ya leo inaishinda karibu mara mbili kwa nguvu huku injini yake ikibebeka mikononi.

Uzito huo haukuwa ujinga. Katika injini ya mipigo minne, mafuta huwaka mara moja kwa kila mizunguko miwili, kwa hiyo mizunguko 650 ni miwako 325 kwa dakika, zaidi kidogo ya mitano kwa sekunde. Ndiyo maana sikio linausikia kila mwako peke yake. Kati ya mwako na mwako, magurudumu yale mazito ndiyo yanayobeba kazi. Chuma kikubwa kinachozunguka polepole hulika polepole, na kikilika, kuna nyama ya kutosha ya kuchonga upya. Injini hiyo pia iliwaka ikiwa baridi, jambo lililokuwa neema, kwa sababu injini nyingi za zamani zake zilihitaji kupashwa kichwa kwa taa ya moto dakika kadhaa kabla ya kazi. Kwa CS fundi alifungua vali ya moshi ili pistoni isibanwe na hewa, akazungusha hendeli hadi magurudumu yakachangamka, kisha akaiachia vali ijifunge. Dursley waliendelea kuiunda hadi mwaka 1987.

Kabla ya hapo India walikwisha kuichukua. Katika mji wa Rajkot, jimbo la Gujarat, karakana nyingi zilianza kunakili CS kipande kwa kipande, nazo zikauza nakala hizo Afrika na kwingineko. Baadaye nakala hizo zikapata wateja ambao huenda hata watu wa Rajkot wenyewe hawakuwategemea: watu wa Marekani, Kanada na Australia waliotaka injini ya kuzalisha umeme wa nyumbani, injini inayokubali hata mafuta yaliyokwisha kukaangia viazi.

Wateja hao waligundua jambo haraka. Baadhi ya injini zilifika zikiwa na mchanga ndani, ule mchanga wa kalibu chuma kiliposubiwa, umenasa kwenye kuta za tumbo la injini na kufunikwa rangi juu kwa juu. Oili ikipita inaubandua, unakwenda kwenye beringi, na baada ya muda mfupi injini mpya imezeeka. Ikawa kanuni miongoni mwao: usiiwashe. Ikifika, ifungue yote mpaka nati ya mwisho, isafishe, pima kila kitu, kisha ifunge upya. Mtu ametoa fedha akanunua injini mpya, halafu siku inaposhushwa garini anaanza kuibomoa. Kwa mfanyabiashara hiyo ni aibu. Kwa fundi wa nyumbani ni shule nzima iliyoletwa ndani ya kasha la mbao, na wengi waliokuja kuunda vitu vyao wenyewe walipita mlango huo wa kufungua na kufunga.

Sasa, kufufua injini iliyolala miaka kunaanzia kwenye kutu, na hapa kuna habari itakayomfurahisha mpika maharage. Njia mojawapo nzuri ya kuondoa kutu nyumbani hutumia magadi. Ni magadi yaleyale yanayochimbwa Ziwa Magadi kusini mwa Kenya, ambako kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka 1911, na ambayo jikoni hulainisha maharage na kisamvu. Ndani yake mna kaboneti ya sodiamu, na maji yaliyotiwa magadi hupitisha umeme. Chukua ndoo ya plastiki na maji, tia kijiko kimoja cha mezani cha magadi kwa kila lita nne hivi. Kipande chenye kutu kining'inizwe katikati, kifungwe kwenye waya hasi wa chaja ya betri ya gari. Waya chanya ufungwe kwenye chuma chakavu kisicho na kazi, kikae ndani ya maji bila kugusana na kile cha kwanza. Washa chaja. Mapovu yataanza kupanda, na baada ya saa kadhaa kutu nyekundu itakuwa imegeuka unga mweusi unaotoka kwa brashi. Chuma kizima hakiliki, na huo ndio ubora wa njia hii kuliko tindikali au msasa.

Yapo masharti, na hayana mzaha. Mapovu yale ni haidrojeni, gesi inayolipuka, kwa hiyo kazi ifanyike nje na mvuta sigara akae mbali. Chuma chakavu cha upande wa chanya kisiwe kile kisichoshika kutu, kama kijiko cha kulia, kwa sababu kina kromiamu inayogeuka sumu ndani ya maji hayo. Aluminiamu isitiwe humo kabisa, italiwa. Na kipande kikitoka kikaushwe na kupakwa oili papo hapo, la sivyo kutu mpya itaanza kabla chai haijapoa.

Pistoni iliyoganda ndani ya silinda inahitaji dawa nyingine, nayo ni subira. Mafundi wa kufufua humimina juu yake mchanganyiko wa asetoni na oili ya gia za otomatiki, nusu kwa nusu, wakaiacha siku nyingi, hata majuma. Kisha wanaigonga kwa kipande cha mbao, taratibu, wakishindilia kidogo leo na kidogo kesho. Anayechukua nyundo ya chuma siku ya kwanza hupata pistoni iliyotoboka. Tena gasketi za injini za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbestosi, ambayo vumbi lake huua mapafu. Ziloweshwe maji kwanza, zisikwanguliwe kavu, na mabaki yake yasipulizwe kwa mdomo kama wafanyavyo wengi.

Haya yote bado ni usafi. Ufundi wenyewe unaanza kwenye kupima.

Katika injini ndogo yenye pistoni ya aluminiamu, uwazi kati ya pistoni na ukuta wa silinda mara nyingi ni mdogo kuliko unene wa unywele wa kichwani. Unywele una takriban sehemu saba za mia za milimita. Uwazi huo huweza kuwa sehemu tatu hadi sita. Ukiwa mkubwa, oili inapanda, moshi wa buluu unatoka na nguvu zinapotea. Ukiwa mdogo, balaa: aluminiamu hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma cha kusubu, pistoni inavimba ndani ya silinda na injini inaganda ikiwa mwendoni. Kiwanda hukidhibiti kipimo hicho kwa mashine za thamani kubwa. Fundi wa nyumbani anakidhibiti kwa mkono, kwa macho na kwa kurudia. Kwa maoni ya mwandishi wa mazungumzo haya, hapo ndipo penye mstari kati ya fundi na mbadilisha spea. Mbadilisha spea anaweza kuwa na karakana kubwa na ovaroli safi, lakini ukimuuliza kilicholika kimelika kiasi gani atakujibu, "Kimekwisha."

Hakuna aliyeuonyesha ukweli huo kuliko mzee mmoja wa kusini kabisa mwa New Zealand, Burt Munro wa Invercargill. Alizaliwa mwaka 1899. Mwaka 1920 alinunua pikipiki mpya ya Marekani aina ya Indian Scout, injini ya sentimita za ujazo 600, iliyoundwa kwenda karibu kilomita 88 kwa saa. Mwaka 1926 akaanza kuichokonoa, na hakuacha tena. Mchana alifanya kazi ya kuuza pikipiki, usiku alikuwa bandani. Kwa miaka mingi aliishi humohumo ndani ya banda, yeye na mashine zake.

Fedha hakuwa nazo za kununua vipuri vya mashindano, na vipuri vya pikipiki kuukuu ya namna ile havikuwepo hata kwa mwenye fedha. Akawa anavitengeneza. Pistoni alizisubu mwenyewe kwa kuyeyusha chakavu na kumimina ndani ya makopo ya zamani. Silinda alizichonga. Konrodi, zile fimbo zinazounganisha pistoni na kranki, alizichonga kwa mkono kutoka kwenye mhimili wa trekta, chuma kigumu kinachomaliza tupa. Maikromita yake, kifaa cha kupimia vipenyo, ilikuwa kipande cha spoku ya gurudumu. Vilivyopasuka hakuvitupa, alivipanga kwenye rafu na kuandika kuwa ni sadaka kwa mungu wa kasi. Rafu hiyo ilijaa.

Injini ya sentimita 600 ikakua hadi karibu 950. Mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 68, aliipeleka kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville huko Utah, Marekani, akaweka rekodi ya dunia ya daraja la chini ya sentimita 1,000. Hesabu ya siku ile ilikosewa kidogo. Iliposahihishwa mwaka 2014, miaka 36 baada ya kifo chake, kasi yake ilikuwa maili 184.087 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 296. Pikipiki iliyotoka kiwandani ikienda 88! Filamu kuhusu maisha yake ilitoka mwaka 2005, Anthony Hopkins akiigiza nafasi yake, lakini filamu hupenda kasi na vumbi la chumvi. Inachoweza kukionyesha kwa shida ni zile jioni zisizo na idadi za tupa, spoku na taa ya bandani.

Msikilizaji anaweza kusema Munro alikuwa mtu wa ajabu, na mtu wa ajabu hafai kuwa mfano. Basi tumtazame mwajiriwa wa kawaida, mhandisi wa kampuni ya umeme mjini Detroit. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1893 alileta jikoni kitu alichokuwa amekiunganisha, akakibana kwenye sinki. Silinda yake ilikuwa kipande cha bomba la chuma. Gurudumu lake lilitolewa kwenye mashine kuukuu ya kukerezea. Umeme wa cheche ulivutwa kutoka kwenye taa ya nyumba. Mkewe Clara alikuwa akiandaa mapishi ya sikukuu, na mtoto wao mchanga, ambaye hajatimiza hata miezi miwili, alikuwa amelala chumba cha pili. Clara akaambiwa adondoshe petroli kwa mkono huku mumewe akizungusha gurudumu. Kitu kikakohoa, kikatoa moto, kikawaka, sinki ikatikisika. Mwajiriwa huyo aliitwa Henry Ford. Hakuna kitabu cha biashara kinachomsahau Ford, ila Clara na kopo lake la petroli wanastahili kutajwa mara nyingi zaidi.

Miaka kumi baadaye, mjini Dayton, jimbo la Ohio, ndugu wawili waliokuwa wakiuza na kutengeneza baiskeli walihitaji injini nyepesi ya ndege, na hawakupata kampuni ya kuwaundia. Kazi hiyo ikaangukia mikononi mwa fundi wao, Charles Taylor. Aliimaliza kwa majuma sita hivi. Mashine zilizokuwepo dukani zilikuwa ya kukerezea na ya kutobolea, basi. Michoro haikuwa ya kitaalamu. Walichora vipande kwenye karatasi zilizookotwa, naye akazitundika mbele ya meza yake ya kazi. Kranki aliitoa kwenye bamba nene la chuma: alichora umbo lake, akatoboa matundu mfululizo kuufuata mchoro, akang'oa ziada kwa patasi na nyundo, ndipo akaikereza. Katika majaribio ya Februari 1903 mwili wa aluminiamu ulipasuka, ikabidi usubiwe mwingine. Tarehe 17 Desemba mwaka huohuo, injini hiyo ya nguvu za farasi zipatazo 12 iliwainua Orville na Wilbur Wright.

Lakini Taylor alikuwa na mashine ya kukerezea, atasema mwingine, na mashine ya kukerezea ni ghali. Ni kweli. Hata Uingereza, ambako kuunda injini ndogo nyumbani ni burudani iliyo na jarida lake tangu mwaka 1898, kwa miaka mingi mtu alijibana mpaka apate mashine ya Myford, iliyoundwa karibu na Nottingham. Aina yake ya ML7, iliyotoka baada tu ya Vita vya Pili vya Dunia, ilisimama katika mabanda mengi ya makarani na walimu waliotumia jioni zao kuchonga injini za kukaa kiganjani.

Jibu la swali la gharama lilitolewa na Mmarekani aliyeitwa David Gingery. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alianza kutoa mfululizo wa vitabu vinavyoeleza namna mtu asiye na mashine yoyote anavyoweza kujiundia karakana nzima kwa chakavu. Kitabu cha kwanza hakina mashine hata moja: kinafundisha kutengeneza tanuri la kuyeyushia aluminiamu kwa mkaa. Kwa tanuri hilo unasubu vipande vya mashine ya kukerezea. Mashine hiyo, hata kabla haijakamilika, inasaidia kuchonga vipande vyake yenyewe vilivyobaki. Ikikamilika, inaunda mashine inayofuata, nayo inayofuata. Kinachotangulia yote ni ndoo ya mchanga, udongo wa kuushikamanisha, mkaa na kipulizio.

Kwa msikilizaji wa Nairobi au Dar es Salaam hilo halina ugeni. Mafundi wa mtaani wamekuwa wakiyeyusha aluminiamu chakavu na kuisubu sufuria kwenye kalibu za mchanga, mchana kweupe, pembeni mwa barabara. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, joto ambalo mkaa unaopulizwa unalifikia bila jasho. Kile kinachomwagwa kuwa sufuria kinaweza kumwagwa kuwa mwili wa pampu, puli ya mkanda, au pistoni. Aliye na shauku ya pistoni ayeyushe pistoni chakavu, asiyeyushe makopo ya soda, maana pistoni zina silikoni iliyochanganywa ili zihimili joto na msuguano. Na mahali pa kumiminia pawe pakavu kabisa. Tone la maji likifunikwa na aluminiamu ya moto hugeuka mvuke kwa ghafla na kuirusha metali hiyo usoni mwa mtu. Mafundi wanaofanya kazi hiyo kwa ndala wamekuwa na bahati kuliko wanavyojua.

Kinachokosekana mara nyingi katika karakana hizo za barabarani ni hatua ya baada ya kusubu, yaani kuchonga kwa kipimo kinachorudiwa, ili pistoni ya kumi iwe sawa na ya kwanza. Mikono ipo, moto upo, macho yapo. Venia, ile ya kupimia, haipo, au ipo na meno yake yamelika.

Yupo mwingine aliyeanzia kwenye chakavu, na huyu anatuhusu kila siku. Mwaka 1946 Japani ilikuwa imelala chini baada ya vita. Usafiri ulikuwa wa tabu na petroli ilikuwa ya mgawo. Soichiro Honda, katika mji wa Hamamatsu, alipata injini ndogo zipatazo 500 zilizokuwa zimeundwa kuendeshea jenereta za redio za jeshi. Akaanza kuzifunga kwenye baiskeli. Katika jaribio la kwanza tangi la mafuta lilikuwa chupa ya kukandia maji ya moto iliyotoka nyumbani. Injini zile zilipomalizika hakuwa na pa kununua nyingine, akaunda yake, iliyotoka mwaka 1947.

Kampuni yake ilipokwisha kuwa kubwa, ilitoa mwaka 1976 pikipiki ya CG125. Wahandisi walikuwa wameona namna pikipiki zinavyotumiwa katika nchi zisizo na gereji za kutosha: mzigo mkubwa kupita kiasi, oili isiyobadilishwa, vumbi. Wakaachana na kamshafti ya juu (mhimili unaofungua vali), ambayo huumia kwanza oili inapochoka, wakairudisha chini na kutumia fito za kusukumia vali, mpango wa kizamani lakini mvumilivu. Wachina wakaunakili mpango huo kwa wingi, na leo pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria katika miji na vijiji vya Afrika Mashariki zina injini za ukoo huo. Yaani mtu akitaka injini ya kujifunzia, haina haja ya kuagizwa Rajkot. Iko kwenye lundo nyuma ya gereji yoyote ya bodaboda, imeuzwa kwa kilo.

Akishaipata, swali la kwanza ni silinda imelika kiasi gani. Kipenyo chake kwa CG125 ni milimita 56.5, na kifaa cha kupimia ndani ya silinda ni ghali. Lakini kuna njia ya kuzunguka. Chukua ringi mpya ya pistoni, isukume ndani ya silinda kwa kutumia pistoni yenyewe ili ikae sawa. Ringi ina mwanya mahali ncha zake mbili zinapokutana. Upime mwanya huo kwa vile vibati vyembamba vya kupimia uwazi, ambavyo kila fundi wa vali anavyo. Pima kwanza chini kabisa ya silinda, mahali ringi hazifiki na ukuta haujalika. Kisha pima karibu na juu, mahali penye joto na msuguano mwingi. Tuseme chini mwanya ni milimita 0.25 na juu ni 0.56. Tofauti ni 0.31. Kwa kuwa mzingo wa duara ni kipenyo mara 3.14, gawanya 0.31 kwa 3.14 na jibu ni karibu 0.1. Silinda imepanuka sehemu moja ya kumi ya milimita, imefika ukingoni. Ipelekwe kwa mkerezaji ichongwe ili iingie pistoni iliyo kubwa kuliko ya awali kwa milimita 0.25.

Ringi hiyo, hata hivyo, haisemi kama silinda bado ni duara au imekuwa na umbo la yai, kwa sababu pistoni husukuma zaidi pande mbili zilizo mkabala kuliko pande nyingine. Hapo ndipo spoku ya Munro inapofaa. Kata kipande, zichonge ncha zake ziwe mviringo, kipunguze kwa tupa kidogo kidogo mpaka kipite ndani ya silinda kwa kugusa pande zote mbili bila kulegea. Kisha kigeuze robo mzunguko, na uone kama kinabana au kinacheza.